Oksimita ya kidoleni: nzuri mchana, usiku ina mipaka

Kile kibanio kidogo cha kupima oksijeni kinachouzwa kwenye maduka ya dawa Mbeya kina kazi yake, ila wanaokinunua kwa ajili ya mtu anayekoroma wajue kinapoishia.

Kumpima aliye macho kinafaa sana. Chagua kidole kisicho na rangi ya kucha wala hina. Juni na Julai baridi hubana mishipa ya vidole, damu ikapungua, namba zikarukaruka. Sugua viganja kwanza. Ingiza kidole mpaka mwisho, tuliza mkono, subiri nusu dakika. Hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono: yakipishana sana na ya kwenye kioo, namba ya oksijeni nayo usiiamini. Mbeya mjini ni mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo usishtuke ukisoma chini kidogo ya mtu wa Dar.

Usiku ni habari nyingine. Mtu akilala, koo hulegea na pumzi hupungua. Katika usingizi wa ndoto, unaozidi kuelekea alfajiri, pumzi hubadilikabadilika na huweza kusimama sekunde chache. Hiyo ni kawaida. Ikisimama sekunde 10 au zaidi, mara 5 au zaidi kwa saa, aonwe na daktari. Lakini oksijeni ya kidoleni huchelewa kushuka, pengine nusu dakika. Mkoromaji akinyamaza ghafla ukakimbilia kioo, unasoma hali iliyokwisha kupita. Kwa hiyo tazama kifua na tumbo, ushike saa. Vibanio vya bei ndogo vingi havitunzi kumbukumbu, na kidole kikichomoka hujizima. Asubuhi huna cha kumwonyesha daktari. Kwa kazi hiyo tafuta chenye kumbukumbu ya usiku mzima, kinachofungwa mkononi.

Jambo la hatari zaidi ni jiko la mkaa chumbani. Gesi ya mkaa hung'ang'ania damu mahali pa oksijeni, na kifaa hiki hakiwezi kuitofautisha na oksijeni yenyewe: mtu anazidiwa huku kioo kinaonyesha oksijeni asilimia 98. Maumivu ya kichwa au kichefuchefu vikianza, toeni watu nje na muwahi hospitali, bila kusubiri kipimo.

Ukinunua, mwambie muuzaji aweke betri mbili za AAA, ukijaribu hapohapo dukani. Namba isipotulia kwenye kidole chenye joto, kirudishe.