Barefoot in the Park: ndoa inayoanza fungate ikiisha

Nimeitazama Barefoot in the Park, filamu ya mwaka 1967, pamoja na mume wangu, na sijaona kichekesho kingine kinachozijua siku za mwanzo za ndoa kiasi hiki. Paul (Robert Redford) ni wakili kijana, mtu wa suti na tai. Mkewe Corie (Jane Fonda) anataka kila siku iwe sikukuu. Siku sita za fungate wanazimaliza Plaza Hotel, New York, magazeti yakirundikana nje ya mlango bila kuguswa. Kisha maisha yanaanza, na yanaanzia kwenye ngazi.

Nyumba aliyoitafuta Corie iko Greenwich Village, ghorofa ya tano, hakuna lifti. Kila anayepanda anafika hoi: fundi simu, mama mzazi wa Corie, Paul mwenyewe na mkoba wake wa kazi. Nilidhani mzaha huo ungechuja kwa kurudiwarudiwa. Haukuchuja, kwa sababu kila mmoja anahema kivyake, na mama akifika mlangoni nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma tangu ghorofa ya pili. Ndani fanicha hazijafika, mtambo wa joto haufanyi kazi, chumba cha kulala ni kidogo mno, na dirisha la paa lina tundu. Ni Februari, theluji inawaangukia sebuleni. Aliyewahi kuanza maisha kwenye nyumba ya kupanga akimsubiri mwenye nyumba atengeneze bomba hatahitaji kuelezwa lolote.

Hadithi yenyewe ni tamthilia ya Neil Simon iliyoanza kuchezwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1963, na Redford ndiye aliyekuwa Paul tangu jukwaani. Asili hiyo inaonekana. Sehemu kubwa inapita ndani ya chumba kimoja na watu wanajibizana kwa kasi, hivyo washa maandishi ya Kiingereza hata kama unakisikia vizuri. Nakala niliyokodi mtandaoni haikuwa na maandishi ya Kiswahili.

Kilichonishika hasa ni ugomvi. Wametoka kula chakula cha jioni Staten Island, kwenye mgahawa wa Kialbania, wakiwa na mama na jirani yao Velasco (Charles Boyer), mzee mchangamfu anayepita dirishani kwao kwenda kwake juu. Paul amechoka na kesho ana kesi. Corie ndiyo kwanza usiku umeanza. Anamwambia hajui kufurahi, na ushahidi wake ni kwamba alikataa kutembea naye pekupeku kwenye bustani ya Washington Square. Paul anajibu kwamba kulikuwa na baridi kali! Kutoka hapo, neno kwa neno, wanafika kwenye talaka, na Paul analala kwenye kochi chini ya lile tundu.

Mume wangu alimtetea Paul moja kwa moja: mtu ana kesi asubuhi, mwacheni alale. Mimi namtetea Corie, na sababu yangu filamu inaionyesha bila kuitaja. Paul ana ofisi, wateja na mahakama. Corie ana chumba hicho tu. Kutwa nzima anapanga, anapaka rangi, anasubiri, na furaha yake yote anaiweka kwenye zile saa chache mume akirudi. Mume akirudi amechoka, siku ya Corie imekwisha kabla haijaanza. Hayo ya kutembea pekupeku ni kisingizio cha jambo ambalo hajui alisemeje, na Fonda analicheza kwa uchungu wa kweli ingawa watazamaji wanacheka.

Mildred Natwick, aliyecheza mama, aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa nafasi hii, na alistahili. Mwanzoni ni mjane mwenye vidonge vya tumbo na maneno ya tahadhari. Mwishoni ndiye anayemweka binti yake kitako. Ushauri wake ni kwamba ajitoe kidogo kwa ajili ya mumewe na amfanye ajione mtu wa maana. Kungwi yeyote wa kwetu angeyasema hayo hayo, na si mabaya. Ninachokilalamikia ni kwamba Paul hana mtu wa kumkalisha na kumwambia la kwake. Yeye anajirekebisha kwa pombe, anatembea bustanini pekupeku kwenye baridi, kisha anapanda juu ya paa hadi mkewe anamwomba ashuke. Nilicheka sana, lakini nilitamani wapewe dakika mbili za kuzungumza wakiwa wote wazima.

Ni saa moja na dakika 46. Unaweza kuitazama sebuleni na mama mkwe bila kuona haya, ila zile dakika za mwanzo za hotelini mpelekee chai kwanza jikoni.