Muir Woods: miti haina kosa, ila yule mwongoza watalii!

Nilitaka kutoa nyota tano, lakini acheni kwanza nitoe la moyoni. Msitu huu wa miti mirefu iitwayo redwood uko karibu na San Francisco, Marekani. Pale sehemu iitwayo Cathedral Grove, mwongoza watalii mmoja aliwavusha uzio watu kama kumi hivi ili wapige picha wakiwa wamekumbatia mti. Kuambiwa warudi kwenye njia ya mbao, akajibu kwa kiburi: "Mti una miaka mia nane huu, utauawa na viatu?"

Ndiyo, viatu vinaua! Redwood hurefuka kupita mita 70 lakini haina mzizi mkuu. Mizizi yake huishia mita tatu au nne tu chini, kisha hutambaa pembeni hata mita 30, ikisukana na ya jirani. Vile vijizizi vya kunyonya maji viko juujuu kabisa. Ukikanyagwa, udongo hushindiliwa, hewa na maji hayapenyi, na mche hauwezi kuchomoza. Gome nene hukinga moto. Mizizi haina gome la namna hiyo. Na kwa kuwa mti hauanguki siku hiyohiyo, mkosaji huondoka akijiona hana hatia. Pale waliposimama, majani makavu yalisagika yakawa unga, na vimea vya majani matatu vikalala chini kama vimepigwa pasi. Bonde hili tajiri mmoja, William Kent, alilinunua kulinusuru na shoka, likawa hifadhi 1908. Leo linamalizwa na picha!

Nusura niandike msiende. Nafuta hilo, nendeni, ila asubuhi mapema geti linapofunguliwa, mabasi ya watalii hayajafika. Nafasi ya gari au basi la hifadhi huwekwa mapema, na kiingilio ni malipo mengine. Bondeni hakuna mtandao wa simu, kwa hiyo pakua uthibitisho kabla hujaondoka, la sivyo utabaki getini ukihangaika. Beba koti hata kiangazi, maana ukungu wa bahari una baridi. Ukifika daraja la nne usirudi ulikotoka; shika njia ya Hillside, ambako watu ni wachache na unaitazama miti kutokea juu.

Nyota tatu. Hapana, nne, kwa sababu miti haikunikosea. Na ukimwona mtu amevuka uzio, usinyamaze: mwite askari wa hifadhi palepale.