Tambiko la Identify: hodari wa vifaa, bubu mbele ya laana

Mimi ni msimamizi wa mchezo wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa kete, na kwenye meza yangu hakuna tambiko linaloombwa mara nyingi kama Identify, uganga wa kutambua vifaa vyenye nguvu za ajabu. Kikundi kikiibuka na silaha inayong'aa, damu haijakauka sakafuni na tayari mtu anasema, "Tuiague kwanza." Nitalipima tambiko hili kwa kazi moja tu: kutambua laana, yaani madhara yaliyofichwa ndani ya kifaa. Wachezaji wengi huliamini kwa kazi hiyohiyo, na imani hiyo ndiyo inayowaponza.

Natumia toleo la 5, kanuni za mwaka 2014. Mahitaji ni lulu yenye thamani isiyopungua vipande 100 vya dhahabu, pamoja na unyoya wa bundi. Lulu haiteketei, kwa hiyo ukishainunua unaitumia tena na tena. Mwenye haraka anatumia akiba yake ya uganga ya daraja la kwanza na kumaliza kwa dakika 1. Akichagua njia ndefu ya tambiko anaongeza dakika 10, jumla dakika 11, na akiba yake inabaki kama ilivyo. Muda wote huo lazima awe amekigusa kifaa. Mwishoni anajua kina nguvu gani, kinatumiwaje, kama kinadai kufungamana na mwenye nacho (kuunganishwa naye ndipo nguvu zake zifanye kazi), kimebakiwa na chaji ngapi, na kama kuna uganga mwingine uliowekwa juu yake.

Zile dakika 11 nazipenda kuliko kitu kingine chochote katika tambiko hili. Ndani ya pango lenye maadui, dakika 11 ni nyingi sana. Wawili wanalinda mlango, mmoja anahesabu mishale, na mimi namuuliza mchawi msomi wa kikundi: unafanya nini kwa mikono yako? Mchezaji mmoja wangu hupitisha unyoya kwenye makali ya silaha taratibu, toka mpini hadi ncha, kisha huiviringisha lulu juu ya chuma na kuitazama kila inaposita. Kanuni hazimdai afanye hivyo. Ameyabuni mwenyewe, na siku hizi wenzake hunyamaza anapoanza. Tambiko lililotugharimu mstari mmoja wa maandishi limetupa mandhari nzima.

Sasa tuje kwenye laana. Chukua Berserker Axe. Ni shoka linalompa mpiganaji nyongeza ya 1 katika kupiga na katika madhara, na likishafungamana naye linamwongezea uhai kwa kila ngazi aliyofikia. Identify itayasema yote hayo bila kusita. Haitasema kwamba ukishafungamana nalo hutakubali kuliachia, wala kwamba adui akikujeruhi utarusha kete ya pande 20 kupambana na wazimu, na ukikosa kufikia 15 utamshambulia yeyote aliye karibu nawe zaidi, hata kama ni rafiki. Kitabu cha msimamizi kinasema wazi: njia nyingi za kutambua vifaa, Identify ikiwemo, hazifichui laana. Laana inatakiwa imshtukize mtumiaji.

Hapo ndipo penye tatizo. Maelezo ya tambiko lenyewe, ambayo mchezaji anayasoma, yanamwahidi kwamba atazijua sifa za kifaa. Kanuni inayoiondoa laana kwenye ahadi hiyo imo katika kitabu kingine ambacho wachezaji hawana sababu ya kukifungua. Mchezaji aliyefuata utaratibu wote, akanunua lulu, akasubiri dakika zake 11, anastahili kuambiwa mapema kwamba kuna chumba kimoja ambacho ufunguo wake haufungui. Msimamizi yeyote alitamke hili kabla mchezo haujaanza. Mshtuko wa shoka hautapungua hata chembe.

Tena kanuni zenyewe hazina msimamo mmoja. Armor of Vulnerability ni vazi la chuma linalokukinga dhidi ya aina moja ya pigo, kukatwa kwa mfano, huku likikuacha dhaifu kwa aina nyingine mbili. Laana ya vazi hili inafichuka ukilifanyia Identify. Kwa nini vazi lifichuke na shoka lisifichuke, hakuna panapoelezwa. Mimi naona vazi ndilo lililotungwa vizuri zaidi: anayejali anapata jibu, mwenye pupa anaumia.

Kwa watu tambiko linafanya kazi tofauti, na wengi husahau kwamba linafanya kazi kwa watu kabisa. Ukimgusa kiumbe badala ya kifaa, unajua ni uganga gani unaomkalia wakati huo. Mtu aliyepigwa Bestow Curse atatambulika, kwa kuwa laana yake ni uganga uliorushwa na mtu. Aliyeng'atwa na mbwamwitu-mtu hatatambulika, maana ile ni laana lakini si uganga wa kurushwa. Tofauti hii imeniandalia hadithi nzuri sana: mwanakijiji anayehaha usiku, tambiko linarudi tupu, na utupu huo ndio dokezo. Kikundi kinaanza kuuliza juu ya mwezi.

Tambiko hili halikuwa rahisi hivi tangu mwanzo. Katika kanuni za 1978 mchawi alilowesha lulu na unyoya katika divai, akanywa, akameza samaki mdogo akiwa hai, na baada ya kazi akapoteza pointi 8 za ukakamavu wa mwili hadi apumzike. Mwaka 2003 lulu ilisagwa na kunywewa, nayo kazi ilichukua saa nzima. Pointi 8 ni adhabu kali mno. Hata hivyo, gharama ile ililipatia tambiko uzito ambao toleo la 5 limeupoteza, hasa kwa kuwa sasa mtu yeyote anaweza kukaa na kifaa saa moja ya mapumziko mafupi akajua sifa zake, bila lulu wala elimu.

Kwa laana, kanuni ninazozipenda ni za toleo la kwanza la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, la mwaka 2009. Pale Identify inakupa nyongeza ya 10 kwenye jaribio la utambuzi. Ukifaulu kwa kawaida unaona kile ambacho kifaa kilikusudiwa kufanya. Ukivuka kiwango kwa 10 au zaidi, laana inafichuka. Ujuzi wa mtu unahesabika, na jibu la nusu linabaki kuwa jibu la kweli.

Mchawi msomi anaweza kuwa na Identify tangu ngazi ya 1, na ninamshauri aiandike kitabuni mwake. Remove Curse, uganga wa kuondoa laana, ni wa daraja la 3, haumfikii kabla ya ngazi ya 5, na hata hapo unamwachanisha mtu na shoka tu. Laana inabaki ndani ya shoka. Katika ngazi zile nne za mwanzo, silaha nzuri kupita kiasi iviringishwe kwenye kitambaa, ichunguzwe asili yake kwa wazee na katika maktaba, na asifungamane nayo mtu yeyote kwa kuwa lulu imesema ni salama.