Kuku wa Peru wa Mtaani: Mle Hapo Hapo, Usimbebe

Kwa sura, mgahawa huu hauna la kujivunia. Orodha ya vyakula imebandikwa ukutani juu ya kaunta, meza ni za plastiki, na mteja huagiza, hulipa, hupewa namba, kisha hujitafutia pa kukaa. Anayetaka kuandaliwa meza kwa kitambaa cheupe na atafute kwingine. Hata hivyo, kwa anayejali kuku kuliko viti, nathubutu kusema kwamba kuku wa hapa anawashinda wa migahawa mingi inayotoza bei kubwa zaidi, mradi aliwe papo hapo angali moto.

Wanachouza ni pollo a la brasa, yaani kuku wa Peru wa kuchomwa kwa mkaa, mapishi yaliyoanzia nje kidogo ya Lima, mji mkuu wa nchi hiyo, mwaka 1950, pale Mswisi Roger Schuler alipoanza kuwauzia watu kuku wa shamba lake huko Santa Clara, na mwenzake Franz Ulrich akabuni tanuri lenye vyuma vinavyozunguka ili kuku wengi waive kwa pamoja. Leo chakula hicho kina siku yake ya kitaifa nchini Peru, Jumapili ya tatu ya mwezi Julai. Nimeitaja historia hiyo kwa sababu siri yote imo katika tanuri lile: kuku anapozunguka mbele ya mkaa, mafuta yanayoyeyuka humtambaa mwilini kabla ya kudondoka, ngozi ikakauka na kukoza rangi taratibu, huku nyama ikibaki na majimaji yake. Hapa tanuri liko wazi nyuma ya kaunta, na kinachowaka ndani yake ni mkaa, si gesi.

Niliagiza nusu kuku. Ngozi ilikuwa ya kahawia iliyokoza, imeungua kidogo kwenye ncha ya bawa, na ilivunjika mara tu uma ulipoigusa. Bizari nyembamba ndiyo iliyotangulia mdomoni, kisha kitunguu saumu na siki, na nyuma yake ladha nzito ya sosi ya soya, ambayo iliingia katika mapishi ya Peru kupitia wahamiaji wa Kichina. Chumvi ilikuwa imefika mfupani, dalili kwamba kuku alilowekwa kwenye viungo kwa saa nyingi wala hakupakwa juujuu dakika za mwisho. Hata kidari, sehemu inayowaumbua wapishi wengi, kilikuwa laini kiasi cha kuliwa bila kusukumwa na maji.

Kuku huyo huletwa na sosi ya kijani, na kusema kweli wapo watu wanaokuja kwa ajili yake tu. Ni nzito kiasi, ina pilipili na mayonezi, na ndani yake kuna huacatay, jani la milima ya Andes lenye harufu inayokaribia ya mnanaa lakini kali zaidi. Inawasha bila kuficha ladha ya nyama. Kinachokera ni kwamba kikopo kimoja hakitoshi nusu kuku, na cha pili kinalipiwa. Kwa kitu kinachoubeba mgahawa mzima, huo ni ubahili usio na maana.

Chipsi sikuzipenda. Zilikuwa nyembamba, zimelegea, na zilielekea kutoka kwenye mfuko wa friji, jambo la aibu kwa chakula cha nchi ambayo ni miongoni mwa maskani asilia ya viazi duniani. Omba mhogo wa kukaanga badala yake: nje mkavu, ndani unachambuka. Saladi ipo tu. Chicha morada, kinywaji cha mahindi ya zambarau yanayochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, ilizidi sukari, ingawa harufu ya mdalasini ilisikika vizuri.

Sasa nirudi kwenye sharti la kula hapo hapo. Kuku wa kubeba hufungwa kwenye boksi lenye kifuniko kinachobana, mvuke unakosa pa kutokea, na ukifika nyumbani ngozi imeshakuwa kama karatasi iliyonyeshewa. Ladha haipotei, lakini nusu ya raha imekwenda. Asiye na budi aombe boksi liachwe wazi kidogo, kisha nyumbani ampashe moto kwenye oveni, si kwenye maikrowevu.

Saa nazo zina uzito wake. Jioni, foleni inapofika mlangoni, kuku hutoka tanurini na kwenda moja kwa moja kwenye sahani. Alasiri, wateja wanapokuwa wachache, unaweza kupewa aliyekaa muda mrefu kwenye joto akakauka. Wahudumu hawana maneno mengi, lakini ukiuliza watakuambia bila kuficha kama kuku wanaofuata wamekaribia kuiva. Wakikwambia subiri dakika kumi, subiri.