Uzoefu wangu na menyu ya Start ya Windows 11: uipange ilivyo au uweke Open-Shell?

Nianze na hukumu, mwenye haraka asisumbuke. Kama kompyuta yako ina Windows 11 toleo la 24H2 au 25H2, na menyu mpya ya Start imeshakufikia, huhitaji programu ya kuibadilisha. Ipange hiyo hiyo. Kama bado una ile ya zamani, au skrini ni ndogo, au watumiaji wako wamezoea orodha ya Windows 7 na hawataki kusikia jingine, weka Open-Shell, programu ya bure inayoleta menyu ya mtindo wa zamani. Programu zile zinazoichokonoa kwa ndani Explorer, yaani sehemu ya Windows inayoendesha upau wa kazi na madirisha ya faili, ni za mtu anayejua kuinua mashine ikianguka.

Nazungumzia kompyuta za kazi: ofisi ndogo, maabara ya shule, na hasa za stationery, ambako mashine moja inapitiwa na watu wengi kwa siku. Huko menyu ya Start ni zaidi ya urembo, inaweza kukuletea kesi na mteja.

Kwanza jua una menyu ipi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Menyu mpya ilianza kutoka na sasisho la hiari KB5067036 la tarehe 28 Oktoba 2025, yaani namba 26100.7019 kwa 24H2 na 26200.7019 kwa 25H2, kisha ikaingia kwenye sasisho la kawaida la Novemba. Ila namba peke yake haitoshi, kwa sababu Microsoft wanaiwasha kwa mafungu. Kompyuta mbili zenye namba ileile, moja inayo na nyingine haina, na hakuna kilichoharibika. Usisakinishe Windows upya kwa ajili hiyo. Kipimo cha macho ni rahisi: fungua Start ushuke chini. Ukikuta programu zote ziko kwenye ukurasa uleule, ni mpya. Ukilazimika kubofya All upelekwe ukurasa mwingine, ni ya zamani.

Kinachozitenganisha hasa ni Recommended, sehemu ya mapendekezo ndani ya Start. Kwenye ya zamani, hata ukizima kila kitu, sehemu hiyo haiondoki. Inabaki tupu, na mstari unaokuambia uiwashe tena. Unachoweza ni kuchagua More pins ili ipungue kimo. Kwenye mpya ukizima swichi zake inatoweka kabisa, na programu zinapanda juu. Kwangu hiyo moja tu inatosha kuisifu.

Swichi ziko Settings, Personalization, Start. Zima ya programu zilizoongezwa karibuni, ya faili zinazopendekezwa, ya tovuti kutoka historia ya kivinjari, na ya vidokezo na matangazo ya programu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoanza kuleta matangazo ya Microsoft Store ndani ya Start mwaka 2024. Kuna pia ya taarifa za akaunti, ile inayokusihi kila mara uhifadhi faili zako OneDrive. Zima nayo, bando ni lako.

Sasa tuje kwenye faili zinazopendekezwa, maana hapa ndipo wengi huzima bila kujua wamezima nini. Recommended huonyesha faili zilizofunguliwa karibuni kwa majina yake. Stationery moja kwa siku inapitisha CV, vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, mikataba ya nyumba, barua za kuacha kazi. Mteja anayefuata akisimama kaunta wakati unafungua Start kutafuta Word, anasoma jina la faili la aliyemtangulia: "barua ya kuacha kazi" na jina la mwenyewe. Kuondoa moja moja inawezekana, bofya kulia kisha Remove from list, lakini huwezi kufanya hivyo kutwa nzima.

Ukizima swichi hiyo, vitu vitatu vinazimika pamoja: faili za kwenye Start, faili za karibuni ndani ya File Explorer, na orodha inayotokea ukibofya kulia ikoni ya Word au Excel kwenye upau wa kazi. Kwa stationery hiyo ni faida. Kwa mhasibu anayefungua daftari lilelile la Excel kila asubuhi kwa kubofya kulia, ni kero, na atakuambia umeharibu Excel. Mwambie abandike folda yenye daftari lake pembeni ya File Explorer, sehemu ya Quick access, au afungulie ndani ya Excel yenyewe. Na hapo kuna mwanya ambao watu hawauoni: Word na Excel zina orodha zake za karibuni, ambazo swichi ya Windows haizigusi. Ili kuziba kabisa, fungua Word, nenda File, Options, Advanced, shuka hadi Display, na pale penye Show this number of Recent Documents weka 0. Excel ina sehemu kama hiyo. Usipofanya hivyo umefunga mlango na kuacha dirisha.

Kubandika programu hakuna ugumu: bofya kulia, Pin to Start. Kuunda folda, buruta ikoni moja uiweke juu ya nyingine, zikiungana fungua uandike jina. Menyu mpya huonyesha nguzo 8 za ikoni kwenye skrini kubwa na 6 kwenye ndogo, na mwanzoni huonyesha safu mbili tu hadi ubofye kupanua. Swichi ya Show all pins by default inaondoa usumbufu huo, iwashe. Tovuti za serikali zinazofunguliwa mara kwa mara, kama eCitizen na iTax kwa Kenya au mfumo wa RITA na wa mikopo ya HESLB kwa Tanzania, nazibandika kama programu: ndani ya Edge, kwenye menyu ya nukta tatu, tafuta Apps kisha uchague kusakinisha tovuti kama programu. Inapata ikoni na dirisha lake, na kijana wa kaunta hahangaiki kutafuta anwani wala haangukii tovuti bandia kutoka matokeo ya utafutaji.

Orodha ya programu zote ina sura tatu: makundi, gridi na orodha. Makundi yanapendeza kwenye picha za matangazo, kazini ni bure. Windows ndiyo inayoamua programu iingie kundi gani, na huwezi kuihamisha wala kubadili jina la kundi. Tena kundi halijitokezi mpaka lipate programu zisizopungua tatu, kwa hiyo programu ya risiti au ya hesabu iliyotengenezwa hapa kwetu hutupwa Other pamoja na makapi mengine. Chagua orodha ya alfabeti. Mtu anajua jina la anachotafuta.

Kabla hujalaumu orodha kwa kuwa ndefu, safisha chanzo chake. Programu za kawaida zinaonekana pale kwa sababu kuna njia za mkato kwenye folda mbili: C:\ProgramData\Microsoft\Windows\Start Menu\Programs, inayowahusu watumiaji wote, na %AppData%\Microsoft\Windows\Start Menu\Programs, ya mtumiaji mmoja. Nakili anwani uibandike juu kwenye File Explorer. Futa za Readme na Uninstall na zile za programu zilizokwishaondolewa. Unafuta njia ya mkato tu, programu yenyewe haiguswi. Zilizotoka Microsoft Store hazimo humo, hizo utaziondoa kwa Uninstall.

Utafutaji ndio unaonikera kuliko yote. Unaandika "paint", na kabla programu haijatokea Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, ameshaenda mtandaoni kukuletea mapendekezo. Kwenye intaneti ya modemu yenye mawimbi ya kubahatisha, dirisha linasita. Dawa ni amri moja kwenye Command Prompt:

reg add HKCU\Software\Policies\Microsoft\Windows\Explorer /v DisableSearchBoxSuggestions /t REG_DWORD /d 1 /f

Toka kwenye akaunti uingie tena. Sasa linalokwamisha: eneo la Policies halikubali kuandikwa na akaunti ya kawaida, kwa hiyo utapata Access is denied. Mafundi wengi hapo hufungua Command Prompt kwa nywila ya msimamizi, amri inakubali, na Bing anabaki palepale. Sababu ni kwamba HKCU, sehemu ya registry (hazina ya mipangilio ya Windows) inayotunza mipangilio ya mtumiaji mmoja, ni ya yule anayeendesha amri. Umebadilisha ya msimamizi, siyo ya mtumiaji. Ipe akaunti ya mtumiaji haki za msimamizi kwa muda, ingia nayo, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, endesha amri, kisha zirudishe haki zake za awali. Gharama yake ni ndogo: kisanduku cha kutafuta cha File Explorer nacho huacha kukumbuka ulichotafuta zamani.

Ukimaliza kupanga, hifadhi. Mpangilio wa ulivyobandika umo ndani ya faili moja, start2.bin, hapa:

%LocalAppData%\Packages\Microsoft.Windows.StartMenuExperienceHost_cw5n1h2txyewy\LocalState

Inakili kwenye flash. Kuirudisha, endesha taskkill /im StartMenuExperienceHost.exe /f, weka faili juu ya iliyopo, fungua Start. Kwa maabara ya shule yenye akaunti nyingi, iweke kwenye njia kama hiyo chini ya C:\Users\Default\AppData\Local, ukiunda folda zinazokosekana. Kila akaunti mpya itaanza na mpangilio huo. Akaunti zilizokwishaingia hata mara moja hazibadiliki. Na programu isiyokuwepo kwenye kompyuta ile haitatokea, basi sakinisha programu kwanza ndipo ulete faili. Hii si njia rasmi, kwa hiyo usitegemee faili ya toleo la zamani ikubaliwe na toleo jipya.

Kasoro moja ya menyu mpya haina dawa kwenye mipangilio: ukubwa. Huwezi kuivuta ipungue. Kwenye laptopu ya 1366 kwa 768, ambazo zimejaa kwenye soko la mitumba, inafunika karibu kimo chote cha skrini. Hapo ndipo Open-Shell inapata kazi.

Open-Shell ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ni mwendelezo wa Classic Shell ya Ivo Beltchev, aliyeacha kuiendeleza mwaka 2017. Ipakue kwenye ukurasa wake wa GitHub au endesha winget install Open-Shell.Open-Shell-Menu kwenye Command Prompt. Ukisakinisha kwa mkono, kwenye orodha ya vipengele bakiza Open-Shell Menu peke yake. Classic Explorer na Classic IE huzihitaji. Kisha peleka kitufe cha Start kushoto: Personalization, Taskbar, Taskbar behaviors, Taskbar alignment, Left. Menyu ya Open-Shell hufunguka kona ya kushoto, na kitufe kikibaki katikati kinasogea kila unapofungua programu, hivyo mkono hauzoei.

Ina mitindo mitatu: wa kale wa nguzo moja, wa nguzo mbili, na wa Windows 7. Chagua wa Windows 7. Weka alama kwenye Show all settings ndipo utaona ilivyo na mambo: kuondoa vipengele usivyotaka, kufanya ikoni ziwe ndogo, kufungua folda moja kwa moja kutoka kwenye menyu. Tafadhali usiguse vyote. Ukiihitaji menyu ya Windows, shikilia Shift ubofye kitufe cha Start. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, Open-Shell hufunguka papo hapo wakati menyu ya Windows bado inajivuta, na mtumiaji anaona tofauti bila kuambiwa. Sura yake ni ya kizamani, hilo halina ubishi. Programu za Store nazo inaziweka kwenye kijifolda chake, wengine huzitafuta wasizione.

Start11 ya Stardock inalipiwa, inapendeza kuliko zote, na ina kipindi cha majaribio. Anayetaka uzuri ailipie. StartAllBack nayo inalipiwa, ExplorerPatcher ni ya bure, na zote mbili hufanya kazi kwa kuingia ndani ya Explorer na kuigeuza. Zinarudisha hadi upau wa kazi wa zamani, jambo ambalo Open-Shell haifanyi. Tatizo ni kwamba Microsoft wakibadilisha Explorer, kiungo kinakatika. Sasisho KB5022913 la Februari 2023 lilizifanya kompyuta zenye programu hizo mbili zishindwe kuwaka vizuri, Explorer ikianguka na kuinuka bila kikomo, na Microsoft wenyewe walizitaja kwa majina. Zile za kulipia zilizovunjwa kufuli na kugawiwa kwa flash hata sizijadili. Programu inayokaa ndani ya Explorer inaona kila unachofanya.

Kama tayari unayo mojawapo na skrini inawaka na kuzima, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager hufunguka hata Explorer ikiwa imekufa. Chagua Run new task, andika appwiz.cpl, iondoe programu, washa upya. Kwa ExplorerPatcher, kama kuondoa kwa kawaida kunagoma, andika cmd badala yake, weka alama ya haki za msimamizi, kisha badilisha jina la C:\Windows\dxgi.dll. Ni hiyo ya ndani ya Windows tu. Yenye jina hilohilo ndani ya System32 ni ya mfumo, usiiguse.