Laptopu isiyozimwa: ununue nini kwanza ili isichemke

Kuna laptopu hazijui usingizi. Ya steshenari inayoshikilia printa kutwa, ya duka inayoonyesha kamera za ulinzi usiku kucha, ya kijana anayevizia bando la usiku apakue mafaili makubwa hadi alfajiri. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, Januari na Februari joto la mchana hufika nyuzi 32 na kupita, na feni yoyote utakayonunua haiwezi kuishusha mashine chini ya joto la chumba ilimo. Inachoweza ni kuiondoa hewa ya moto upesi. Vifaa hivi nimevipanga kwa kigezo hicho. Bei sizitaji; Kariakoo bei ni maneno yako na muuzaji, na Luthuli kule Nairobi ni hivyo hivyo.

1. Kusafishwa na fundi, na kubadilishiwa pesti ya kupitisha joto

Najua ulitegemea nianze na kifaa. Lakini kama laptopu ina miaka miwili au mitatu na haijawahi kufunguliwa, hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende, kabla hujanunua hata waya.

Ipime mwenyewe kwanza. Iache ifanye kazi nzito dakika kumi, kisha weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa, pembeni au nyuma. Hewa ikitoka kwa nguvu na ni ya moto, njia iko wazi. Feni ikiwa inalia kwa sauti, tumbo la mashine linaunguza, na hewa inatoka kidogo tu, ujue imeziba. Fundi akiifungua utaona mwenyewe: kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kupozea, vumbi limejishika na nyuzi za nguo na nywele hadi limekuwa kitu kizima, unalishika kwa vidole viwili na kulivua kama kipande cha blanketi. Feni inazunguka vizuri kabisa, ila inapuliza ukuta.

Simama hapo hapo wakati anafanya kazi. Akitumia blowa, mwambie azuie mapanga ya feni kwa kidole au kijiti, maana yakizungushwa kwa kasi ya upepo ule yanaweza kuharibika. Akitoa ule mtambo wa kupozea wenye bomba la shaba, lazima afute pesti ya zamani, ambayo mara nyingi imekauka kama chokaa, na kupaka mpya kati ya mtambo huo na prosesa, ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Kuurudisha juu ya pesti kavu ni kukuongezea tatizo. Ukiweza, nenda na pesti yako: Arctic MX-4 inatosha sana, na bomba moja utalitumia zaidi ya mara moja. Kwa laptopu iwakayo muda wote dukani, hasa kando ya barabara ya vumbi, irudishe kwa fundi kila mwaka.

2. Stendi

Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini, na vile vimpira vya miguuni huinyanyua milimita chache tu. Sasa weka chini yake kitambaa cha kudarizi cha mezani, au iweke kitandani, umeshaziba pua. Nimeona pia watu wanaifunika kanga ikiwa inawaka, eti isiingie vumbi! Vumbi haliingii kweli, na joto nalo halitoki.

Stendi ya chuma yenye nafasi wazi katikati ndiyo ninayoipendekeza. Za plastiki zinafaa kama hazilegei. Ibonyeze pembe mbili za mbele pale dukani uone kama inayumba. Epuka zile zenye bamba zima lisilo na tundu. Stendi haili umeme, haiharibiki, haipigi kelele, na bado ni rahisi kuliko vifaa vingi vilivyo hapo chini. Ukikwama, vitabu viwili, kimoja kila upande, vinafanya kazi ile ile.

3. Feni ya kawaida ya mezani

Kama iko nyumbani tayari, ielekeze ubavuni mwa stendi kwa kasi ya chini. Upepo wake ni mwingi kuliko wa vifeni vyote vya laptopu, na huondoa joto linaloganda kuzunguka meza. Kasoro ni bili: feni ya wati 50 ikiwaka saa 24 kwa mwezi ni yuniti 36, wakati laptopu yenyewe, ikiwa na kazi nyepesi na kioo kimezimwa, kwa wati kama 15 inakula karibu 11. Kwa hiyo iwashe saa za joto kali. Usiku Arusha au Nairobi wala huihitaji.

4. Feni ya laptopu, ile ya kuwekwa chini

Hii ndiyo watu hukimbilia kwanza kwa sababu ina taa za bluu. Si kitu kibaya, ila inasaidia kwa masharti. Pindua laptopu uangalie tumbo. Kama matundu yapo na feni za kifaa zinaangukia hapo hapo, utapata nyuzi kadhaa za nafuu. Kama tumbo ni bamba tupu, upepo unagonga bati na kuishia hapo. MacBook Air za tangu M1 ya 2020 hazina feni ndani kabisa. Kwa hizo stendi inakupa sehemu kubwa ya faida hiyo.

Chagua yenye feni moja au mbili kubwa badala ya tano ndogo zinazopiga kelele, na yenye wavu wa chuma. Omba iwashwe dukani, uisikilize. Inavuta umeme kwenye USB ya laptopu, wati chache tu, na mara nyingi inaziba tundu moja la USB ulilokuwa unalihitaji. Kumbuka pia kwamba inasukuma vumbi ndani, kwa hiyo namba moja itarudi mapema zaidi.

5. Kifaa cha kunyonya hewa pembeni

Hiki hubanwa kwenye tundu la kutolea hewa na kuivuta ya moto. Kinahitaji kukaa sawasawa na umbo la laptopu yako, na mara nyingi hakikai. Kelele zake si za chumba cha kulala. Ruka.

6. Kiyoyozi

Kwa laptopu peke yake, hapana. Kama ofisi inacho tayari, vizuri, ila mashine isikae chini kabisa ya mdomo wake inakodondoka maji. Wale wanaoweka barafu au vitu vya friza chini ya laptopu waache leo: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kitu cha baridi hutoka jasho, jasho linaingia kwenye umeme.

Betri

Joto pamoja na chaji ya asilimia 100 muda wote ndiyo mchanganyiko unaoiua betri, na ukomo wa chaji, yaani kuizuia betri isijae hadi mwisho, haununuliwi. Lenovo wameuweka kwenye programu ya Vantage, Asus kwenye MyASUS, Dell na HP za kiofisi nyingi wanao kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Weka 80 au chini. Usiitoe betri kabisa kama eneo lako umeme unakatika, maana hiyo ndiyo inayokushikilia. Ukiona padi ya kipanya imenyanyuka, au laptopu haikai sawa mezani, betri imevimba: zima, chomoa chaja, peleka kwa fundi siku hiyo hiyo. Chaja nayo ikae wazi sakafuni, isiwe chini ya zulia wala mto.

Kwenye Windows, punguza pia kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 hadi 99 katika mipangilio ya umeme. Kwa laptopu nyingi za Intel hiyo huzima mwendokasi wa ziada wa prosesa (turbo), na joto hushuka waziwazi.

Au usinunue kipoza chochote

Kama laptopu haiondoki mezani miaka yote, fikiria kuuza na kuchukua kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika: ThinkCentre Tiny, OptiPlex Micro au EliteDesk Mini. Zimetengenezwa kwa kazi za ofisi kutwa nzima, hazina betri ya kuvimba, na kuzifungua kusafisha ni skrubu moja au mbili. Utahitaji kioo, kibodi na UPS ndogo ya kuishikilia umeme ukikatika. Uliza kama chaja ni yake halisi, kwa sababu nyingi huuzwa bila chaja, na hiyo ya kutafutiwa baadaye ndiyo huja na wati pungufu.