Darubini ya kwanza: toa rula kabla ya kutoa dola

Jambo yenu! Karibuni tena hapa uani kwetu, Lubumbashi. Leo nimekuja na hasira, tena hasira ya zamani, imelala kabatini miaka minne. Mnaiona hii? Sogeza kamera, mdogo wangu, sogeza, watu wasome wenyewe. Imeandikwa nini? 60x60. Nzito, nyeusi, vioo vyake vyekundu kama taa za nyuma za gari.

Hii ndiyo darubini yangu ya kwanza. Niliinunua sokoni. Muuzaji aliniambia, "Patron, panda nayo juu ya nyumba, utaona Kasumbalesa." Kasumbalesa! Kilomita 90 hivi kutoka hapa! Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, nikacheka, halafu nikalipa. Dola 40. Ile 60 ilishaniingia kichwani, na namba ikishaingia kichwani, mdomo wa kubishana bei unafungwa.

Kwa hiyo video hii ni yako wewe unayetaka jumeli ya kwanza, darubini, jina lolote unalolipa. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hilo mnalijua, napita. Prizimu, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza picha, uzito, rangi ya mkoba, yote yako kwenye boksi, someni. Mimi nataka kuwaonyesha jinsi ya kumshika mwongo, na sihitaji mashine. Nahitaji ukuta wa jirani na rula ya mtoto wa shule.

Tuanze na ukuta. Ule pale, matofali ya kuchoma, hatua kama 30 kutoka nilipo. Naishika hii 60x60, naangalia kwa bomba moja tu, jicho la kulia. La kushoto silifungi! Hapo ndipo wengi mnakosea. Liache wazi, liangalie ukuta pembeni ya darubini. Mwanzoni kichwa kinazunguka kidogo, vumilia, picha mbili zitapandana: tofali kubwa la darubini linakaa juu ya matofali madogo ya macho. Sasa hesabu. Tofali moja kubwa limefunika safu ngapi za madogo? Moja, mbili, tatu... ngoja, mkono umetikisika, narudia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. Nane na kidogo. Njoo na wewe uangalie, mdogo wangu, wasije wakasema natunga.

"Ni nane, yaya. Labda nane na nusu."

Nane! Sitini imekwenda wapi? Na mjue hivi: hata kama ingekuza kweli mara 60, usingeweza kuishika mkononi. Kila kinachokuzwa, mtetemeko wa mkono wako unakuzwa nacho. Kwenye mara 10 tayari picha inaanza kucheza. Kwenye 60 ungeona ndege anacheza ndombolo.

Jambo la pili, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, mtanisamehe nikikaa hapo. Geukia mbingu yenye mwanga. Siyo jua! Jua kamwe, utaunguza jicho, na hospitali hawana jicho la kukurudishia. Mbingu tu, au ukuta mweupe. Shika darubini mbali na uso, sentimita 30 hivi, kama unasoma gazeti. Angalia kile kioo kidogo cha nyuma. Unaona kiduara cha mwanga katikati? Kinaelea pale kama franka ndogo ya zamani. Huo ndio mwanga wote unaoingia jichoni mwako. Hakuna mwingine.

Upana wa kiduara hicho ni kioo cha mbele ukigawanya kwa ukuzaji. Darubini ya 8x42: 42 gawanya kwa 8, unapata milimita 5 na robo. Ya 10x42: milimita 4.2. Sasa hii ya kwangu, 60x60, ingetakiwa itoe milimita ngapi? Moja. Kitundu cha sindano. Naweka rula... karibu 5. Umeona? Namba za mbele zinadanganya, kiduara cha nyuma kinaziumbua. Halafu liangalie umbo lake. Si duara, limekatwa pembeni, kama mraba uliopondwa, na kingo zina kijivu. Hizo ni prizimu za kioo cha bei ya chini, mwanga unapotelea kwenye kona.

Kwa nini nakaa sana kwenye kiduara? Kwa sababu ya saa. Mchana mboni ya jicho lako imejifunga, milimita 2 au 3, kwa hiyo darubini yoyote inakutosha. Lakini ndege wako wazi lini? Saa kumi na mbili asubuhi, na jioni jua likienda. Saa hizo mboni inafunguka, 5, kwa vijana hata 7. Kiduara kikiwa kidogo kuliko mboni, umebeba giza na umelilipia. Na vile vioo vyekundu, vinavyopendeza sana kwenye meza ya muuzaji? Vinarudisha mwanga mwekundu nje, ndani kunabaki ukijani. Niliangalia nguo za kuanikwa za mke wangu, kitenge chekundu kikawa rangi ya ndizi iliyochacha.

Basi. Nimepoa. Tuweke hii chini, tuchukue ninayoitumia sasa: Celestron Nature DX, 8x42. Angalieni kiduara. Mviringo, safi, kingo zimekatika vizuri. Inashika kitu kilicho mita 2 tu kutoka kwako, unaweza kumwangalia kipepeo kwenye ua la mgomba bila kurudi nyuma. Ndani imejazwa naitrojeni, maji hayaingii, na mnajua mvua zetu kuanzia Novemba hazibishi hodi. Mimi navaa miwani, hii naangalia nikiwa nayo usoni, sioni ukuta mweusi pembeni. Vikombe vya macho vinazungushwa: mwenye miwani avishushe, asiye na miwani avipandishe. Nilipatiwa na mtu aliyekuwa anarudi kutoka Lusaka, na kila kitu, usafiri na ile ya soda, ilinifikia dola 190. Najua. Najua! Msianze kuniandikia kwamba hiyo ni mifuko mingapi ya unga. Nitaifikia bei.

Kabla ya hapo, kijana mmoja ameniuliza chini ya video iliyopita: anataka bunduki ya kwanza ya bolti na darubini yake, je, anunue 3-9x40, ile ya kuzungusha ukuzaji kutoka 3 hadi 9? Mdogo wangu, bunduki ni mambo ya kibali, na mimi si fundi wake, sikushauri. Lakini hesabu ya kiduara ni ileile: 40 gawanya kwa 3 ni 13, zaidi ya jicho linavyoweza kunywa. Ukizungusha hadi 9, inabaki 4.4, kwa hiyo alfajiri mwindaji anarudisha ukuzaji chini. Na ile inakaa mbali na jicho, sentimita 9 hivi, kwa sababu bunduki inarudi nyuma kwa nguvu. Ukiisogelea kama jumeli, itakuchana nyusi. Ila usije ukatumia darubini ya bunduki kutafutia vitu porini. Kila unachokiangalia umekielekezea mtutu, na kinaweza kuwa mama anayeokota uyoga. Ndiyo sababu hata mwindaji ananunua kwanza ya mikono miwili.

Na hii ya mikono miwili nayo ina heshima zake. Usiinue karibu na kambi ya jeshi, usiinue kule Luano uwanja wa ndege, mpakani usijaribu kabisa. Hakuna atakayekubali kwamba unahesabu ndege, hasa wa manyoya. Mimi nikitoka, nabeba kitabu cha picha za ndege mfukoni. Kimenisaidia mara mbili.

Sasa bei. Hapa itabidi nirudi nyuma kidogo, maana kwenye video ya mwezi uliopita nilisema, tena kwa kelele, darubini ya sokoni ni marufuku. Narekebisha. Jumamosi nilipita kwenye meza ya vitu vya mitumba, redio, pasi, saa za ukutani, chini ya nyaya nikaona hii. Mdogo wangu, ilete ile ya zamani. Jina limefutika, ngozi imebanduka, mabega yamepinda, yaani ile aina ambayo vioo vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma. 8x30. Nikatoa rula pale pale, muuzaji akaniangalia kama fundi cherehani aliyepotea njia. Kiduara: karibu milimita 4, mviringo kabisa. Nikaangalia nembo ya duka ng'ambo kwa macho mawili: herufi moja, haikugawanyika mara mbili, maana yake haijaanguka. Nikatikisa sikioni: kimya. Dola 25. Usiku inashindwa na ile ya dola 190, mvua haiwezi, na kwa miwani yangu naona kama kupitia tundu la ufunguo. Lakini mchana? Mchana nazibadilisha na sijui ninaipenda ipi. Ukweli ndio huo, nimeusema, mwenye kunikata maneno aandike.

Kwa hiyo mwenye dola 190, sawa. Mwenye 25, nenda na rula na subira. Mwenye 40 na haraka, nakusubiri hapa tulie pamoja.

Na 10x50 kwa kuangalia mwezi? Nilitaka kusema hapana... kwa mwezi, ndiyo, ila egemea ukuta au weka viwiko kwenye meza. Kwa uwanja wa Kamalondo, Mazembe wakicheza, baki na 8, mpira unakimbia kuliko mkono wako.

Habari za chaneli: tunajipanga kwenda hifadhi ya Upemba ukame ukiingia, kule waliko pundamilia wa mwisho wa nchi hii. Ndiyo maana nawaomba mjiunge, mbonyeze kengele, mafuta ya gari hayanunuliwi kwa mapenzi peke yake.

Namalizia na picha hii, mdogo wangu aliipiga kwa simu kupitia kioo cha nyuma cha darubini, jana asubuhi ukingoni mwa maji kule Kipopo. Mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa. Angalieni kifua chake. Mstari mweusi mmoja. Dume ana miwili, huyu ni jike. Zamani nilimwangalia ndege huyu kwa ile 60x60, na nilikuwa nahesabu kivuli. Simu inaonyesha chaji asilimia 3, na umeme... ndiyo huo, umekwenda. Pimeni za kwenu kwenye tofali, mniandikie: iliyoandikwa ngapi, mliyohesabu ngapi.